Askari 46 wa Kandake

Mpwa wangu ana miaka tisa. Jumamosi moja alimchukua askari wangu kwa vidole viwili, akamsogeza karibu na jicho kama mtu anayechambua mchele, akaniuliza, "Mjomba, mbona huyu hana viatu?"

Sikuwa na jibu. Askari mwenyewe ni wa madini, mchanganyiko wa bati na risasi, na kutoka unyayo hadi usawa wa macho ana milimita 15 tu. Ana upinde mkononi, podo mgongoni na kitambaa kiunoni. Nilikuwa nimemshughulikia jioni tatu nzima: nikamsugua kwa tupa, nikampaka rangi ya ngozi, nikamchorea ukanda wa podo kwa brashi nyembamba kama kope. Jioni zote hizo sikuitazama miguu yake. Aliyemchonga alimtoa peku, nami nikapaka rangi nyayo peku. Mtoto alihitaji nusu dakika kuona kwamba kumvua mtu viatu ni kusema jambo juu yake, na kwamba anayelisema anapaswa kujua amelitoa wapi.

Nimelibeba swali lake tangu siku ile. Watu wakinikuta nimeinama chini ya taa, miwani puani, hudhani ninachezea vidude. Ukweli ni kwamba kila nukta ya rangi ninayoiweka juu ya kijisanamu ni dai la kihistoria. Ngao hii ilikuwa nyekundu. Mtu huyu alivaa hivi. Nani kasema?

Ninaishi Uingereza, nchi ambako mchezo wa vita vya kale mezani umeota mizizi mirefu. Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumapili, tunakutana katika ukumbi wa jumuiya. Meza hufunikwa vitambaa vya kijani au vya rangi ya mchanga, vilima vya sponji na vipande vya mto vikapangwa juu yake, kisha watu hufungua masanduku yao na majeshi yakatoka: Warumi, Wagiriki, Waajemi, Wakarthago, Wachina wa enzi ya Han. Watu wazima, wengi wao wastaafu, huinama juu ya rula na dadu wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu urefu wa mkuki wa Makedonia.

Nilikulia Tanga, na utotoni nilikaa saa nyingi barazani nikiwatazama wazee wakicheza bao. Kete ni 64, zote komwe, hakuna iliyo na uso. Akili yote imo katika kuhesabu na katika kuusoma moyo wa mwenzako. Mchezo wetu wa vita nao una hesabu zake, lakini kete zake zina nyuso, na mchezaji ndiye anayezipa nyuso hizo. Ndiyo maana jeshi moja dogo linaweza kumchukua mtu miezi sita kabla halijachezwa hata mara moja.

Mchezo umetoka mbali. Maofisa wa Prussia walikuwa wakijifunzia vita juu ya ramani tangu miaka ya 1820, kwa vipande vidogo vilivyosimama badala ya vikosi. Mwaka 1913 mwandishi wa riwaya H. G. Wells alitoa kitabu kilichoitwa Little Wars, chenye kanuni za kupigana kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo ya springi iliyorusha risasi za mbao. Vita vya kale vilipata mtetezi wao kwa Tony Bath, Mwingereza aliyeanzisha chama cha Society of Ancients mwaka 1965. Miaka minne baadaye kundi la Wargames Research Group, ambamo alikuwamo Phil Barker, lilitoa kanuni za vita vya kale zilizoenea sana. Mwaka 1990 zikaja kanuni fupi za De Bellis Antiquitatis, ambazo wachezaji huziita DBA. Hizi ndizo zilizonifungulia mlango, kwa sababu zinataka vikosi 12 tu kila upande na meza ya sentimita 60 kwa 60, na pambano huisha kwa saa moja hivi. Jeshi langu lote linaingia katika kopo la biskuti.

Lakini mtu akiniambia kwamba kutengeneza majeshi madogo ni uvumbuzi wa Ulaya, humwelekeza Cairo. Katika jumba la makumbusho la Misri yamo makundi mawili ya askari wa mbao yaliyotoka katika kaburi la mtawala mmoja wa Asyut aliyeitwa Mesehti, yenye umri wa miaka 4,000 hivi. Kundi la kwanza ni Wamisri 40 wenye mikuki na ngao. La pili ni wapiga mishale 40 wa Nubia, weusi, pinde mikononi, wakitembea safu kwa safu. Waliwekwa kaburini ili wamlinde mkubwa wao katika maisha mengine. Fundi wa Asyut hakuwafanya wafanane: wengine warefu, wengine wafupi, na ngao za Wamisri zimepakwa mabaka ya ngozi ya ng'ombe, kila moja kwa namna yake. Nilipoiona picha yao mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Huyu fundi alikuwa mwenzangu. Naye alikuwa ameinama juu ya ngao ya arobaini, mkono umechoka, akakataa kuipaka kama ya thelathini na tisa.

Hao wapiga mishale wa Nubia ndio walionipeleka Kushi.

Jina hili msomaji wa Biblia ya Kiswahili analijua. Tirhaka, mfalme wa Kushi, yumo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Towashi aliyebatizwa na Filipo katika njia ya kwenda Gaza, katika Matendo ya Mitume, alikuwa mwenye mamlaka chini ya Kandake. Kandake hakikuwa jina la mtu. Kilikuwa cheo cha mwanamke wa ukoo wa kifalme. Ufalme wenyewe ulikuwa Sudan ya leo, kando ya Nile, makao yake yakiwa Napata na baadaye Meroe. Wamisri wa kale waliiita nchi hiyo ya kusini yao Ta-Seti, nchi ya upinde. Katika karne ya 8 K.K. mfalme Piye alishuka na Nile kutoka Napata akaitiisha Misri, na jiwe alilosimulia vita hivyo lilipatikana Jebel Barkal. Ndani ya masimulizi hayo lipo jambo ambalo kila mpenda farasi hulikumbuka: baada ya kuuteka mji wa mpinzani wake Nimlot, Piye alikwenda mazizini, akakuta farasi wameshinda na njaa, na hilo lilimuuma kuliko makosa mengine ya adui yake. Huko el-Kurru, penye makaburi ya ukoo wake, walizikwa farasi 24 wakiwa wamesimama. Farasi wangu sita nimewapaka rangi polepole zaidi kuliko watu.

Nilikuwa nimechoka pia kuona kwamba Afrika ikifika katika meza zetu, hufika kama tembo wa Hannibal au magari ya farao, halafu basi. Nilitaka jeshi la vita ninavyovijali, na vita hivyo vilianza mwaka 25 K.K. hivi.

Roma ilikuwa imeichukua Misri miaka michache tu nyuma yake. Gavana Aelius Gallus alikuwa ameondoa sehemu ya majeshi kwenda kupigana Uarabuni. Wakushi wakaiona nafasi, wakashuka na Nile, wakavishinda vikosi vitatu vya Kirumi vilivyolinda mpaka, wakaitwaa Syene, yaani Aswan ya leo, pamoja na visiwa vya Elephantine na Philae, wakaziangusha sanamu za Kaisari. Gavana mpya, Petronius, akaja na askari wa miguu wasiofika 10,000 na wapanda farasi 800. Mbele yake, anasema mwanajiografia Strabo, walisimama Wakushi 30,000. Walikutana karibu na Pselchis, Warumi wakashinda, wakaendelea hadi Napata na kuibomoa. Petronius aliacha askari 400 katika ngome ya Premnis na chakula cha miaka miwili. Kandake hakukubali yaishe hivyo. Alirudi na maelfu ya watu kuishambulia ngome ile. Mwishowe wajumbe wake walipelekwa mpaka kisiwa cha Samos kwa Kaisari Augusto mwenyewe, na huko wakapewa yote waliyoyaomba, hata kodi aliyokuwa amewatoza ikafutwa. Napenda sehemu hii kuliko zote. Waliopoteza Napata walirudi nyumbani bila kodi.

Strabo anasema Kandake huyu alikuwa na jicho moja. Wanahistoria wengi wanamtambua kuwa Amanirenas.

Basi, nikae mezani nimpake rangi askari wake. Naanzia wapi? Strabo ananipa sentensi moja ya maana: walikuwa na ngao kubwa ndefu za ngozi mbichi ya ng'ombe, na silaha zao zilikuwa shoka, mikuki na panga. Anaongeza kwamba walipangwa vibaya na kuandaliwa vibaya. Hapo nasita. Strabo alikuwa rafiki wa Gallus na alisafiri naye kupanda Nile. Habari zake zilitoka upande wa Roma. Wakushi nao waliandika. Wana maandishi yao, yanayoitwa ya Kimeroe, na sauti za herufi zake zilitambuliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Upo hata mnara wa jiwe kutoka Hamadab, karibu na Meroe, wenye majina ya Amanirenas na mwanamfalme Akinidad. Lakini lugha yenyewe bado haieleweki vizuri. Tunaweza kuyasoma maneno yao kwa sauti bila kujua kwa sehemu kubwa wanasema nini. Jeshi langu lote linasimama juu ya maelezo ya adui yake, na ya kwake mwenyewe yapo, yamechongwa, yanasubiri.

Kwa hiyo najitafutia ushahidi kipande kwa kipande. Ngozi mbichi naijua. Mtu aliyekulia penye machinjio ya Idi anajua ngozi iliyokaukia juani inavyokuwa ngumu kama ubao, inavyopinda pembeni, manyoya yanavyobaki. Nina ngao 20 na hakuna mbili zinazofanana: nyeusi tii, nyekundu ya udongo, nyeupe yenye madoa, ya mabaka, moja ya kijivu kama majivu ya jikoni. Fundi wa Asyut alinitangulia katika hilo, na ninadhani hatukukosea.

Pete nayo. Katika makaburi ya Kushi zimepatikana pete nene za mawe ambazo mpiga mishale alivaa kidole gumba ili avute uzi wa upinde bila kujikata. Kwa mtu wa milimita 15, pete hiyo ni ndogo kuliko chembe ya chumvi. Nimeiweka hata hivyo, nukta moja ya rangi ya maziwa kwenye gumba la kulia la kila mpiga mishale. Asiyeambiwa hawezi kuiona.

Kipo kishawishi nilichokikataa, na kilikuwa kikubwa. Herodoto, akieleza jeshi la mwaka 480 K.K. la Xerxes, mfalme wa Uajemi, anasema Waethiopia wa kusini ya Misri walivaa ngozi za chui na simba, walibeba pinde ndefu za makuti ya mtende na mishale yenye ncha za mawe, na walipokwenda vitani walijipaka nusu ya mwili chokaa na nusu nyingine rangi nyekundu. Hebu fikiria uzuri wake mezani! Rafiki zangu wengine huwapaka Wakushi wao hivyo, nao wanapendeza kweli. Lakini kati ya Xerxes na Amanirenas kuna zaidi ya miaka 450. Kumvisha askari wa Kandake mavazi ya mababu wa mababu zake ni kudai kwamba Afrika haikubadilika, na dai hilo tumelisikia vya kutosha. Tembo pia nimewaacha. Huko Musawwarat es-Sufra, ndani ya Kushi, mawe yamejaa tembo wa kuchongwa, na tembo mezani huvuta kila jicho, ila katika vita hivi Strabo hawataji. Anayetaja ngao na shoka angeacha tembo?

Na ngozi ya watu wenyewe. Kichupa cha kwanza nilichonunua kiliandikwa kwa maneno machache tu kwamba ni rangi ya ngozi, na ndani yake mlikuwa na rangi ya waridi. Nilikiweka kando nikaanza kuchanganya. Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya wengi: nilipaka kahawia, kisha nikaongeza nyeupe sehemu zinazopata mwanga, watu wangu wakaonekana kama wamepakwa majivu. Ngozi nyeusi haing'ai kwa weupe. Inang'aa kwa wekundu, na mahali pengine kwa rangi ya machungwa iliyoiva, na kwenye jua kali mgongoni huwa na samawati kwa mbali. Nilijifunza hilo kwa kumtazama mpwa wangu akiwa amekaa dirishani asubuhi. Sasa naanza na kahawia nzito kama kahawa ya buni, napaka juu yake kahawia nyekundu, na mwisho tone la rangi ya dhahabu iliyopoa kwenye mashavu, mabega na magoti. Watu wangu 46 hawana rangi moja, kama wasivyo na rangi moja watu wa mtaa wowote wa Tanga.

Kazi iliyobaki ni ya mikono tu. Kijisanamu huoshwa kwa sabuni, hugundishwa juu ya kizibo cha soda ili kishikike, hupuliziwa rangi ya msingi, hupakwa, hupigwa vanishi, kisha wanne wanne hupandishwa juu ya kibao cha milimita 40 kilichomwagiwa gundi na mchanga. Wapanda farasi hukaa watatu. Wapiga mishale 16, wenye ngao 20, wapanda farasi 6, Kandake na walinzi wake watatu: jumla 46. Ukiwagawia wale 30,000 wa Strabo, kila mmoja wangu anasimama badala ya watu zaidi ya 650.

Viatu? Nilirudi kwenye picha za kuta za mahekalu ya Kushi. Wafalme na malkia wamechongwa na makubadhi miguuni. Nimempa Kandake makubadhi ya dhahabu. Wapiga mishale nimewaacha peku, na mpwa wangu nimemweleza sababu. Alifikiri, akasema, "Basi mchanga utawaunguza." Tangu hapo nimeupaka mchanga wa vibao vyao rangi ya jioni.

Pambano lenyewe tulilicheza na mzee mmoja wa ukumbini ambaye amewaongoza Warumi wake tangu ujana. Kanuni hazimpendelei mtu, lakini hazidanganyi. Kila zamu unarusha dadu, na namba iliyotoka ndiyo idadi ya amri unazoweza kutoa; ukipata 1, jeshi zima linakutazama na wewe una neno moja tu la kuliambia. Vikosi vikigusana, kila upande hurusha dadu na kuongeza nguvu ya kikosi chake. Mpiga mishale akikabiliwa na mtu wa miguu ana 2. Mrumi mwenye upanga ana 5. Njia pekee ni kumpiga kabla hajafika: vikosi vitatu vikielekeza mishale kwa adui mmoja, vile viwili vya kusaidia humpunguzia alama moja kila kimoja. Anayezidiwa hurudishwa nyuma, na anayezidiwa mara mbili huondolewa. Ukipoteza vikosi vinne, nawe umempita mwenzako kwa hasara, umeshindwa.

Niliwapanga wapiga mishale nyuma ya kijito. Kwa zamu tatu ilifaa. Kikosi kimoja cha Warumi kilitoka mezani, na mzee alitikisa kichwa kwa heshima. Zamu ya nne nilipata 1. Wapanda farasi wangu walibaki nyuma ya kilima wakiwa hawana habari, na upanga wa Kirumi ukavuka kijito. Nilimwona Petronius hapo waziwazi kuliko nilivyomwona katika kitabu chochote. Strabo anaita kupangwa vibaya; mimi nilikuwa nimewapanga vizuri kadiri ya uwezo wangu, amri ndizo zilizokosekana, na watu walikufa wakiwa wameangalia mbele. Sasa nikisoma neno lile la Strabo namwuliza: ulikuwepo zamu ya nne?

Kila jeshi la DBA huwa na kambi yake, kibao kidogo kinachowekwa ukingoni mwa meza upande wa mwenyewe. Yangu ni ngazi za hekalu, za udongo na rangi ya mawe ya mchanga. Mwaka 1910 John Garstang, akichimba Meroe, alikuta chini ya ngazi za jengo moja kichwa cha shaba cha Augusto, kikubwa kuliko cha mtu, macho yake ya vioo na mawe yakiwa bado yametazama. Kilikuwa kimevunjwa kutoka katika sanamu na kuzikwa pale, ili kila anayepanda amkanyage Kaisari. Leo kiko British Museum, na nimekwenda kukitazama mara nne. Kambi yangu nayo ina kichwa. Nilikikata kutoka kwa Mrumi mmoja wa akiba, nikakipaka rangi ya shaba, nikachora macho, mpwa wangu akakifukia chini ya ngazi mwenyewe na kumwagia gundi na mchanga juu. Hakionekani popote.

Katika vita vile Warumi halisi hawakufika Meroe. Wale wa mzee walifika, zamu ya saba. Aliwasukuma polepole kwa ncha ya kidole, akawapandisha juu ya ngazi, akainua macho akanipa mkono. Nilimpa wangu. Mpwa wangu alikuwa amesimama pembeni ya meza, amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akiitazama miguu ya Warumi.